Sauti Inatoka Upande Gani?

MAZUNGUMZO YA JAMAA



Kwetu watu wa mines neno «kaske» linajulikana na kila mtoto. Baba anayeingia kazini anavaa kaske kichwani ili jiwe lisimpige. Lakini vijana wetu wako na kaske ingine, ile ya kusikilizia muziki. Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya kaske hii ya pili, sababu iliniondolea hukumu mbaya niliyoishika moyoni juu ya mzee mmoja wa kanisa letu.

Mzee huyo alifanya kazi miaka mingi chini ya udongo. Kanisani anakaa kila Siku ya Mungu mahali pamoja tu: mwisho wa benchi, ukuta ukiwa upande wake wa kushoto. Siku moja tulikuwa na wageni, nikamwomba asogee upande wa pili. Akakataa. Nikasema moyoni: «Huyu ni mzee wa kiburi.» Tena, watoto walikuwa wakimwita kutoka nyuma, «Babu! Babu!», naye anageuka upande usiofaa, nao wanacheka. Nakiri mbele yenu, wapenzi: siku moja nami nilicheka.

Sasa sikilizeni namna Mungu alivyonifundisha.

Jioni moja kijana wa korali alikuja nyumbani na ordinateri yake. Akaniambia:

– Baba Pasta, vaa hii kaske, kisha funga macho.

Nikavaa. Nikasikia korali inaimba mbele yangu. Kidogo kidogo waimbaji wakahamia kuume kwangu, kisha wakafika nyuma ya mgongo. Nikageuka mbio kuangalia mlango.

– Nani wameingia?

– Hapana mutu, Baba Pasta! Wako tu mu ordinateri. Ni mimi ninawazungusha na souris.

Nilifungua macho nikamwona akivuta souris polepole. Picha ilikuwa inageuka, na sauti inageuka pamoja nayo. Alikuwa anatumia programu ya VLC, ambayo wengi wenu mnaijua kwa alama yake: koni ya rangi ya machungwa, kama zile zinazowekwa barabarani kamio zinapopita. Programu hiyo ilianzishwa na wanafunzi wa shule kubwa ya maenjenieri karibu na Paris, Ufaransa, katika mwaka 1996. Ni ya bure. Tangu toleo la 3.0, lililotoka mwaka 2018, inaweza kucheza video zilizopigwa pande zote 360, pamoja na sauti iliyoshikwa pande zote. Ukigeuza picha, programu inapiga hesabu upya na kupeleka kila sauti mahali pake.

Nikamwuliza: «Lakini hii kaske iko na bafle mbili tu, moja kuume, moja kushoto. Sauti inatoka wapi nyuma yangu?»

Jibu lake lilinifanya nimsifu Muumba. Mungu alitupa masikio mawili, na kichwa katikati yao. Sauti inakimbia hewani karibu metre 340 kwa sekunde moja. Mtu akikuita toka kushoto, sikio la kushoto linasikia kwanza, na la kuume linasikia nyuma kidogo. Tofauti hiyo ni ndogo sana. Hata kwa sauti inayotoka kando kabisa haifiki sehemu moja ya elfu ya sekunde. Tena kichwa kinazuia sauti kidogo, ndiyo maana sikio la mbali linaisikia ikiwa imepunguka. Na ile mikunjo ya sikio la nje, ambayo watoto wanaona ni urembo tu, inabadilisha sauti kufuatana na mahali inapotoka: juu ao chini, mbele ao nyuma. Ubongo unapima hayo yote mara moja, bila wewe kufikiri. Programu inaiga hesabu hiyohiyo. Inachelewesha sauti kidogo upande mmoja, inaipunguza, inaibadilisha, na mtu mzima kama mimi anageuka kuangalia mlango ambao haukufunguliwa!

Jambo hili si la jana. Katika mwaka 1881, kwenye maonyesho makubwa ya umeme huko Paris, Clément Ader aliweka vyombo vya telefoni mbele ya jukwaa la Opéra, vingine kushoto na vingine kuume. Watu waliokuwa katika jengo lingine walisikiliza kwa vipokeo viwili, kimoja kwa kila sikio, wakatambua mwimbaji anapotembea toka upande huu kwenda upande ule. Kisha huko Uingereza, Alan Blumlein, mwenye kufanya kazi katika kampuni ya EMI, aliandikisha mwezi wa Desemba 1931 uvumbuzi wake wa sauti ya pande mbili, ambayo leo tunaiita stereo. Alikufa katika mwaka 1942, ndege ilipoanguka wakati wa majaribio ya vita, naye hakuwa hata na miaka 40. Lakini kila mara unapovaa kaske na kusikia gitaa huku na ngoma kule, unavuna katika shamba lake.

Turudie nyumbani kwangu. Nilikuwa ningali nikishangaa, nikaondoa kaske kwenye sikio la kushoto ili nimsikie mke wangu aliyeniita. Sikio la kuume likabaki limefunikwa. Kijana akaendelea kuvuta souris. Na hapo, wapenzi, korali ilisimama. Haikutembea tena. Waimbaji walizidi ao walipunguka, basi. Mbele hakuna, nyuma hakuna, kushoto hakuna. Wote walirundikana katika sikio langu moja.

Mara moja nikamkumbuka yule mzee. Kesho yake nilimwendea. Sikukaa hata kitini kabla ya kumwuliza:

– Baba, sikio lako la kushoto linasikia?

Alinyamaza kidogo, kisha akasema:

– Pasta, hilo lilikufa zamani. Baruti ililipuka karibu. Sikusema, sababu niliogopa wataniondoa kazini. Nikazoea vile.

Ndiyo maana alikaa ukuta ukiwa kushoto: ili ndugu zake wote wawe upande wa sikio lililo hai. Nami nilikiita kiburi! Mtu mwenye sikio moja anasikia jina lake, lakini hajui linatoka wapi. Sokoni, njiani, hata katika nyumba yake, anaitwa na anatafuta. Nilimwomba msamaha. Alicheka, akanishika mkono.

Mnakumbuka habari za kijana Samweli katika 1 Samweli sura ya 3. Aliitwa usiku, akakimbia upande usiofaa, si mara moja, bali mara tatu. Angalieni mzee Eli. Macho yake yalikuwa yamefifia, usingizi wake ulikatwa mara tatu, lakini hakumcheka kijana, wala hakumwita mwenye wazimu. Alitafakari, akaelewa, kisha akamwonyesha namna ya kuitika. Jamaa ya Kikristo inapaswa kuwa hivyo. Sheria ya Mungu katika Walawi 19:14 inakataza kabisa kumlaani mtu asiyesikia. Na mimi ninayoihubiri nilihitaji souris ya kijana ili niitii.

Wazazi na vijana, tuchukue basi mafundisho manne.

La kwanza ni kwa vijana. Njiani, ondoa kaske ya muziki. Barabara zetu ziko na kamio za mawe na pikipiki mchana na usiku. Masikio yako mawili ndiyo yanayokuambia kamio inatoka nyuma ao mbele. Ukiyaziba na muziki, umejifanya kama mzee wetu, lakini yeye hakuchagua. Tena, sauti iliyotengenezwa inaweza kukuambia jambo liko kushoto na huku halipo. Nyumbani ni mchezo mzuri. Barabarani ni kaburi.

La pili: punguza sauti. Shirika la Afya Ulimwenguni linafundisha kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya decibel 80 kwa saa 40 kwa juma bila hatari. Lakini ikifika 90, ni saa 4 tu kwa juma zima! Usivuke asilimia 60 ya nguvu ya chombo chako. Sikio likianza kulia «ngiii» usiku, hilo ni onyo. Chembe za ndani ya sikio zikifa hazioti tena.

La tatu ni kwa baba wanaofanya kazi penye mashini na baruti. Vaeni vizibo vya masikio, wala msifiche ugonjwa kwa kuogopa. Mwambie mke wako, mwambie muganga. Jamaa isiyojua itakuhukumu bure, kama nilivyofanya mimi.

La nne: ukiwa na mtu wa sikio moja nyumbani, mfikie kwa upande wake mzuri. Usimwite kutoka nyuma na kungoja akutafute. Njoo mbele yake, ao umguse begani kwa heshima. Mwachie kiti anachokichagua.

Kuna neno moja lililobaki. Yule kijana wa korali, niliposimulia habari hii katika mkutano wa vijana, hakusema kitu. Lakini Jumamosi alikwenda kwa mzee na ordinateri yake. Alikuwa ametafuta akaona kwamba ordinateri nyingi, na hata simu, ziko na mahali pa kuunganisha pande mbili za sauti ziwe moja, ambapo panaitwa mono. Alimvalisha mzee kaske, akamwekea wimbo wa korali yetu ambao mzee anaupenda na kuusikiliza kila mara katika kaske ya mjukuu wake. Kisha akabonyeza.

Mzee akainua kichwa.

– Hawa bamama walikuwa wapi siku zote?

Katika kanda ile sauti za wanawake ziko upande wa kushoto. Miaka yote alikuwa anasikia wanaume tu wakiimba, akadhani wimbo ulitungwa vile.

Leo jioni, wapenzi, fanyeni jaribio hili nyumbani. Mmoja afunge macho na kuziba sikio moja kabisa, wengine wamwite toka pande mbalimbali za chumba, naye aonyeshe kwa kidole sauti inatoka wapi. Mtacheka, ni vizuri. Kisha nyamazeni kidogo, mwulizane: ni nani kwetu anayeitwa kila siku na hajui ageukie wapi?

Bwana ayalinde masikio yenu, na kuyafungua.