Pembe ya mwalimu: Binti anayetaka kusoma kompyuta



Juma lililopita mama mmoja alinisimamisha mlangoni mwa darasa. Binti yake amemaliza darasa la nane, anapashwa kuchagua seksiyo, naye anataka mambo ya kompyuta. Baba anasema ashone. "Mwalimu, hiyo ni kazi gani? Kutoa fotokopi?"

Hapana, mama. Leo nieleze sehemu moja tu ya kazi hiyo: kutunza daftari.

Mnakumbuka tarehe 16 na 17 Aprili 2020, Mulongwe ilipofurika. Maji yalibeba nyumba, na ndani yake diploma, vyeti vya kuzaliwa, daftari za likelemba. Lakini pesa ya kwenye simu haikwenda na maji. Aliyepoteza simu aliweza kurudishiwa nambari yake na kukuta pesa yake, kwa sababu hesabu haikai ndani ya simu. Iko kwenye kompyuta kubwa, mbali. Hesabu za M-Pesa za Wakenya zilikaa miaka mingi Ujerumani. Mwaka 2015 ndipo zikahamishiwa Kenya.

Kompyuta nazo huharibika. Kwa hiyo wahandisi wanaandika jambo lilelile katika mashine kadhaa, mahali tofauti. Ugumu unaanza hapo: mashine zisipokubaliana, tuamini ipi?

Tuchukue likelemba yetu. Daftari moja iko kwa mwandishi, ya pili kwa mtunza pesa, ya tatu kwa mama rais. Mama analeta faranga 5000. Tusimwambie "imepokelewa" mpaka iandikwe katika daftari mbili kati ya tatu, pamoja na nambari yake ya mfuatano. Hata daftari moja ikichukuliwa na maji, au mwenye nayo akiwa Bujumbura, katika zile mbili zinazobaki lazima moja iwe na malipo hayo.

Kati ya waliotengeneza njia ya namna hiyo kwa kompyuta ni mwanamke Mmarekani, Barbara Liskov, pamoja na Brian Oki, mwaka 1988. Alipata udaktari mwaka 1968, wakati wanawake wenye udaktari wa kompyuta walikuwa wachache sana. Baadaye alipewa tuzo ya Turing ya mwaka 2008, ambayo ndiyo kubwa katika kazi ya kompyuta.

Ushonaji ni kazi ya heshima, na anayeupenda ashone. Lakini binti anayependa hesabu tusimwondoe kwenye hesabu kwa sababu tu hatujui kazi yake inaitwaje. Nyumbani hakuna kompyuta? Mpeni kazi ya kumsaidia mwandishi wa likelemba. Alinganishe daftari, atafute kosa, aeleze lilitoka wapi. Akifurahia kazi hiyo, mtajua.

Nasi tusingoje mvua nyingine. Katika kikao kijacho mwandishi na mtunza pesa walete daftari zao. Ya tatu nitainunua mimi, na binti huyo ndiye atakayeinakili.