Juu ya nini tununue mashine mbili?

Wandugu, ulizo letu ni moja. Tableti iko na ekra, batri na chipu. Ordinatere ya kubeba, ile tunaita mashine, nayo iko na ekra, batri na chipu. Juu ya nini mwanafunzi anunue zote mbili?

Wakubwa wa kampuni wana jibu. Mwaka 2012 Tim Cook wa Apple alisema mtu anaweza kuunganisha hata friji na chombo cha kuchoma mkate, lakini hakitapendeza mtumiaji. Sawa. Mwaka ule ule Microsoft ilitoa Windows 8, ya kidole na ya maus pamoja, na watu wengi waliilalamikia. Kazi si rahisi, hatukatai. Lakini Microsoft haikuacha: Surface zake, zenye klaviye ya kutoa na kurudisha, ziliendelea kutoka. Basi inawezekana.

Sasa angalieni hii. Novemba 2020 Apple ilitangaza Mac zenye chipu M1. Aprili 2021 ikatangaza iPad Pro yenye chipu ile ile. Klaviye yake ilikuwa imeisha kutoka tangu 2020. Kilibaki nini? Programu tu. Ukitaka kuweka macOS ndani ya ile tableti, mlango umefungwa, na funguo iko kwao.

Msituambie ni ufundi. Ni hesabu ya duka. Mwaka 2024, Marekani, iPad Pro ya inchi 13 ilianza kwa dola 1,299 na klaviye yake 349. Jumla 1,648. MacBook Air ilianza kwa 999! Yaani unalipa kupita bei ya mashine, na bado kazi ya mashine hauwezi kuimaliza, unarudi tena dukani. Na hizo ni bei za kule, mbele ya kufika Goma ao Bukavu.

Tena batri hizi zinakula kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa kwetu, Lualaba na Haut-Katanga. Batri mbili pahali moja ingetosha, ni udongo wetu unachimbwa bure.

Hatulazimishe mtu. Anayependa tableti nyepesi ya kuangalia filme, abaki nayo. Tunadai hivi: mwenye kulipa achague mwenyewe programu gani itatembea ndani ya chombo chake. Funguo impewe siku ya kununua.