Gari la kuzuia mawe lilipelekwa kwenye mabomu

Vijana, tukiona gari la deraya likipita barabarani tunaona chuma tu. Magurudumu makubwa, vidirisha vidogo, tunasema huyo aliye ndani yuko salama. Kwani nani amewahi kuuliza: lile chuma lilijengwa kuzuia nini?

Waingereza walikuwa na Land Rover waliyoiita Snatch. Ilitengenezwa kwa doria za Ireland ya Kaskazini, ambako askari walirushiwa mawe, chupa za petroli na risasi. Hata jina lenyewe linatokana na kazi ya kuingia kwenye umati, kumnyakua mtu na kuondoka naye. (Kazi hiyo tuna maneno nayo, lakini si leo.)

Baada ya kuvamia Iraq 2003, gari hilo hilo likapelekwa huko, baadaye Afghanistan. Huko mtu hakungoji na jiwe. Anategesha bomu kando ya barabara au analifukia, ukikanyaga umekwisha. Sakafu ya Snatch iko karibu na ardhi, na mlipuko unapiga moja kwa moja miguuni mwa waliokaa. Si kwamba dunia haikujua dawa. Afrika Kusini tangu miaka ya 1970 ilikuwa inajenga magari yaliyoinuliwa juu, tumbo lake limechongwa kama herufi V, ili nguvu ya bomu itawanyike pembeni. Elimu ilikuwepo. Wanajeshi wenyewe wakaliita jeneza linalotembea, na zaidi ya 30 walikufa ndani yake.

Familia zilipokwenda kortini, mawakili wa serikali walisema mambo ya vita si ya mahakama. Ikachukua hadi 2013 Mahakama ya Juu ya Uingereza kusema kesi ziendelee. Msamaha ukaja 2017. Mama aliyezika mtoto 2005 alingoja miaka 12 kuambiwa pole.

Na kupima nako kuna ujanja. Marekani, miaka ya 1980, afisa wa jeshi la anga James Burton alilalamika kwamba gari la Bradley linapimwa huku matangi yake yamejazwa maji badala ya mafuta. Maji yatawaka vipi? Alisumbua mpaka Bunge lao likaweka sheria kwamba gari lipigwe kwa silaha halisi, likiwa limebeba mzigo wa vita, kabla ya kununuliwa kwa wingi.

Sasa rudi kwetu. Barabara za Mandera, Garissa na Lamu zimefukiwa mabomu miaka yote hii. Wanaokufa ni wanajeshi, polisi, na wale askari wa akiba, watoto wa vijiji vyetu wanaopanda chochote walichopewa. Magari mapya yakija tunaonyeshwa picha na kuambiwa idadi. Je, lilipuliwe kwa kilo ngapi chini ya tumbo? Nani alisimama pale kuangalia, mbali na muuzaji?

Watasema ni siri ya usalama. Sawa, njia za doria zibaki siri. Lakini Kamati ya Bunge ya Ulinzi inaweza kukaa faraghani ikasoma ripoti ya majaribio, na Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa wewe haki ya kuuliza. Mbunge wako akija kijijini, usimuulize barabara peke yake. Muulize kama hiyo ripoti iliwahi kufika mezani kwao.