Wacheni Candace Parker Aongee

Wasee, hii maneno ya "aliwekwa kwa TV juu ni dame" imenichosha. Candace Parker aliingia WNBA 2008, na mwaka huo huo akabeba tuzo mbili: mchezaji bora chipukizi na mchezaji bora wa ligi nzima. Wa kwanza kufanya hivyo. Lakini mshahara wa WNBA ulikuwa mdogo, so msimu ukiisha alipanda ndege hadi Urusi kuchezea UMMC Ekaterinburg, kwa ile baridi yao. Pesa ilikuwa huko.

Sasa huyo ndiye hajui baske?

Na hakungoja astaafu ndio ashike maiki. 2021, akiwa bado anacheza, alibishana na Shaquille O'Neal hapo TNT kuhusu kukaba. Akamweleza polepole kwamba siku hizi hata wachezaji warefu wanatupa za pointi tatu, so wakabaji lazima wabadilishane. Shaq akakaa ngumu. Hiyo video nimeirudia mara tano, na chini yake kuna msee ameandika "arudi jikoni". Buda, wewe hapo mtaani unaomba kupumzishwa kabla jasho halijatoka.