Juya la Potomac na juya la kwetu

Leo naomba tuiweke kando katiba na uchaguzi kwa dakika chache, tuzungumze habari za samaki. Najua wapo watakaosema huyu kaishiwa. Subirini, siasa nitaifikia, maana bahari nayo ni siasa.

Kiangazi kimoja, miaka michache iliyopita, tulikuwa ukingoni mwa mto Potomac upande wa Maryland, familia kadhaa za Waswahili wa Washington na vitongoji vyake, na mishikaki yetu. Ikaja boti ya idara ya maliasili ya jimbo. Wakashuka vijana, mmoja akashika ncha ya wavu ufukweni, mwenzake akaingia na ncha ya pili majini, akazunguka, kisha wakaukokota mpaka mchangani. Mzee wetu mmoja, mvuvi wa zamani, akainuka kitini: "Jamani, hili si juya? Mbona hawakamatwi?"

Kweli lilikuwa juya, tena la macho madogo, lile lile ambalo kwetu ukionekana nalo unafikishwa mahakamani. Tukasogea kutazama. Samaki waliingizwa kwenye beseni la maji, wakatenganishwa kwa aina, wakahesabiwa, kisha wakarudishwa mtoni. Hakuna aliyekwenda nao nyumbani. Mzee akatikisa kichwa, akarudi kwenye mishikaki yake. Mimi sikurudi, nilibaki kuuliza maswali, na majibu yake yamenikaa kichwani mpaka leo.

Potomac humwaga maji yake katika Ghuba ya Chesapeake. Humo yumo samaki mwenye mistari ubavuni ambaye watu wa Maryland humwita rockfish. Ni samaki wa baharini, lakini majira ya kuchipua hupanda mitoni kutaga, na watoto wake hukulia kwenye maji madogo ya kando. Tangu mwaka 1954 Maryland inawahesabu watoto hao. Leo kuna vituo 22 vya kudumu katika maeneo manne: kichwa cha ghuba, na mito ya Choptank, Nanticoke na Potomac. Kila kituo hutembelewa Julai, Agosti na Septemba, na kila safari wavu wa futi 100 hukokotwa mara mbili. Jumla mikokoto 132 kwa mwaka. Mwisho hutolewa nambari moja, yaani wastani wa samaki wachanga kwa mkokoto, na nambari hiyo hutangazwa kwa kila mtu.

Nambari hiyo ina kazi gani? Baada ya mwaka mzuri wa 1970, hesabu zilishuka mwaka baada ya mwaka. Wavuvi walilalamika, wanasiasa walisitasita, lakini mwaka 1985 Maryland ilifunga kabisa uvuvi wa samaki huyu. Fikirini maana yake kwa watu waliokuwa wakila kwa samaki huyo. Lakini sharti la kufungua liliwekwa wazi mapema: wastani wa hesabu ya miaka mitatu ufike 8. Mwaka 1989 hesabu ilifika 25.2, wastani ukavuka, na mwaka 1990 uvuvi ukafunguliwa kidogo kidogo. Mwaka 1996 ikapatikana hesabu ya 59.4.

Sisemi kwamba Wamarekani wamemaliza matatizo yao. Wastani wa muda mrefu ni kama 11, na kuanzia 2019 mpaka 2025 hakuna mwaka hata mmoja uliofika hapo. Mwaka 2023 ilikuwa 1.0, na mwaka 2025 ilikuwa 4.0. Wataalamu wanataja majira ya baridi yasiyo na baridi na mito yenye maji haba. Mwaka 2024 Maryland ilifuta msimu wa kuvua samaki wakubwa majira ya kuchipua, na kelele zilikuwepo. Lakini wanagombana huku nambari iko mezani. Mtoto aliyehesabiwa leo ni kitoweo cha miaka kadhaa mbele, kwa hiyo wanaijua njaa kabla haijabisha hodi.

Sasa turudi kwetu. Kokoro limepigwa marufuku Kenya tangu 2001, na sheria za Bara na Zanzibar nazo zinalikataza. Nakubaliana na marufuku hiyo, kwa sababu juya linazoa watoto wa tasi, changu na pono kwenye nyasi za bahari kabla hawajazaa hata mara moja. Lakini mvuvi anaambiwa nini anapochomewa wavu? Anaambiwa samaki wanakwisha. Akiuliza ni wangapi, wamepungua kutoka wapi, na marufuku imesaidia kiasi gani, hapati jibu. Mwaka 2018 katika Operesheni Sangara kule Ziwa Victoria nyavu zilichomwa kwa marundo. Moto una mwanga mkali, ila haumfundishi mtu hesabu.

Msinielewe vibaya, wataalamu tunao. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo iko Zanzibar, na taasisi ya Kenya iliyoko Mombasa, wameshachunguza samaki wachanga kwenye mikoko na nyasi za bahari za Chwaka na Gazi. Lakini utafiti wa shahada ukimalizika, karatasi inakwenda maktaba. Bwana diko naye anaandika samaki waliokwisha kufa, waliopandishwa pwani. Nani anawaandika wanaokuja? Mimi sijasikia hata siku moja redio ikisoma hesabu ya watoto wa tasi wa mwaka huu na kuilinganisha na ya mwaka jana.

Watasema bahari yetu ina samaki wa aina nyingi, si mmoja kama huko. Sawa, tuchague wawili watatu, tasi na changu kwa kuanzia. Watasema juya litaharibu nyasi. Basi ikokotwe mara chache palipo mchanga, na penye nyasi watumie dema la matundu madogo. Watasema hakuna fedha. Hapo ndipo nataka tutazamane usoni.

Sisi wa huku tulichangishana tukatuma fedha za boti na nyavu katika kijiji kimoja cha mashariki ya Unguja. Tulipiga picha, tulipongezana. Nilipokwenda likizo nikaziona zile nyavu: macho yake hayapitishi hata kidole. Binamu yangu akaniambia bila kuona haya, "Kaka, wakubwa hawapo tena, tuvue nini?" Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu zilikuwa fedha zangu. Sadaka yetu ilikuwa inawala watoto wa samaki na, kwa njia hiyo, watoto wa binamu yangu.

Pendekezo langu ni dogo. Mchango unaofuata usinunue mashine wala nyavu za kuvulia. Tuiombe serikali na taasisi zetu zianzishe vituo vichache vya kudumu, miezi ile ile, wavu ule ule, kwa kibali maalumu, na sisi tulipe ujira wa wakokotaji. Wakokotaji wawe nani? Wawe wale wale waliochomewa majuya, maana hakuna anayelijua juya kuliko wao. Hesabu isomwe dikoni kabla haijafika wizarani. Na kabla ya kufunga eneo lolote, watu waambiwe litafunguliwa hesabu ikifika ngapi. Mvuvi akiwa amehesabu kwa mkono wake, atastahimili kufungiwa. Akiamrishwa tu, atavua usiku.

Serikali inayoficha hesabu za kura tunaikemea. Mbona hesabu za samaki hatuzidai?

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mimi naongeza: muhesabu angali mchanga.

Naomba kuwasilisha.