Usinunue betri sita kabla ya kupima

Jamani, kabla hujamlipa mtu akubadilishie betri zote za gari lako la gofu, mwambie kwanza azipime moja moja gari likiwa kazini.

Mimi ni mtu wa programu, na hitilafu huitafuta kwa kugawa mfumo vipande vipande. Gari la volti 48 mara nyingi lina betri sita za volti 8, zimeungwa kwa mfuatano. Lichaji, liache litulie: mita itasoma karibu 50.9 nawe utadhani mambo shwari. Sasa mwenzako akanyage mafuta (ingawa hayapo!) mlimani huku wewe ukipima. Tano zitashuka kidogo. Moja ikiporomoka hadi 6, huyo ndiye mwizi.

Zote zikishuka sawasawa, pima ncha hadi ncha ya kila waya mnene. Waya mzima husoma karibu sufuri. Ukisoma nusu volti, kutu au nati iliyolegea ndiyo inayokula umeme, na brashi ya waya itakutosha.

Fundi asiye na mita simwamini. Ila kama seti ina miaka mitano na moja imekufa, badilisha zote. Mpya itachoshwa na kuukuu.