TAHARIRI: TELA LA USHIRIKA LISIBEBESHWE KUPITA KIASI



Tela letu limepandishwa juu ya matofali, na huu ndio msimu wa kusomba mahindi. Gurudumu la kushoto linacheza, sili imechanika, ekseli imepinda. Hata asiye fundi akisimama nyuma anaona tairi zimeinama kwa ndani na zimelika upande mmoja. Kila mwenye gunia shambani anauliza, "Tela litatoka lini?" Ni haki yake. Lakini tujue kwanza limefikaje hapo, maana tukilitengeneza bila kujua, msimu ujao litarudi pale pale juu ya matofali.

Wapo wanaosema eti dereva ndiye mbaya. Wengine wanasingizia mashimo ya barabara. Gazeti hili la ukutani linasema wazi: ekseli imeuawa na mzigo. Kila mmoja anataka gunia lake liende leo. "Ongeza moja tu bwana, litabeba!" Hilo "moja tu" likisemwa na watu 10, ni tani nzima.

Hebu tupige hesabu. Tela letu ni la kubeba tani 3. Hayo ni magunia 30 ya kilo 100, au mifuko 60 ya saruji ya kilo 50. Basi. Lakini watu wanajaza lumbesa. Gunia la lumbesa likifika kilo 130, magunia 30 yanakuwa kilo 3,900. Zimezidi kilo 900, sawasawa na mifuko 18 ya saruji, na daftari bado linasoma magunia 30 tu. Lumbesa humwibia mkulima sokoni, na njiani humvunjia tela lake.

Mchanga ni mbaya zaidi, kwa sababu macho yanadanganyika. Mita moja ya ujazo ya mchanga uliolowa hukaribia tani 2. Bodi la tela letu lina urefu wa mita 3, upana wa mita 1.8 na kimo cha sentimita 50. Mchanga mbichi ukifika kina cha sentimita 27, tani 3 zimekwisha timia. Anayejaza mpaka ukingoni amepakia tani zaidi ya 5, halafu anasema, "Mbona halijajaa vizuri?" Bodi linapima nafasi, halipimi uzito.

Na adhabu ya kuzidisha haiendi kidogo kidogo. Kwa hesabu za wahandisi, beringi ya roli ikibebeshwa mzigo mara mbili ya kiasi chake, umri wake hushuka hadi karibu sehemu moja ya kumi. Maana yake, ambaye angekaa na beringi miaka 10 anakaa nayo mwaka mmoja. Aliyeokoa safari moja ya dizeli amekula beringi ya wote.

Jambo la pili ni maji. Tela likitoka mwendo mrefu, habu huwa ya moto. Likishushwa hapo hapo ndani ya mto Ngerengere kupakia mchanga au kuoshwa, habu inapoa ghafla, hewa iliyo ndani inasinyaa, na kama sili imechoka maji hufyonzwa ndani pamoja na tope. Grisi inaharibika, beringi inashika kutu. Wanaobeba boti kwa tela na kuzishusha majini wanaijua sana taabu hii. Ndiyo maana wenye busara hungoja habu zipoe kwanza, na hubadilisha grisi mapema. Nasi tungoje.

Jambo la tatu ni ushauri wa mkato. Tumesikia watu wakisema ekseli inyooshwe kwa moto, ichomelewe, maisha yaendelee. Haifai. Chuma kilichopinda kwa mzigo kimekwisha choka, na chenye ufa kikichomelewa mara nyingi hukatika pembeni ya pale pale kilipochomelewa. Wengine wanasema tuongeze vipande vya springi na tairi kubwa. Hiyo nayo ni kujidanganya. Springi ikiwa ngumu tela halilali, lakini ekseli ni ile ile. Tela hubeba kadiri ya kiungo chake kilicho dhaifu. Ekseli ibadilishwe, na beringi na sili mpya za pande zote mbili.

Ndugu, msidhani hili ni jambo la fedha tu. Hapa Msamvu tunakaa penye njia panda ya Dar es Salaam, Dodoma na Iringa. Mabasi na malori hayalali. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka hapa hapa kwetu, likalipuka moto, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Chanzo chake hakikuwa ekseli ya tela, lakini tulikwisha ona gari moja lililolala njiani linaweza kuleta msiba gani. Gurudumu likichomoka kwenye tela letu katikati ya lami, na vijana wamekaa juu ya magunia, tutawaambia nini wazazi wao?

Malori makubwa yanapimwa kwenye mizani. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima na mzigo wake, na kila ekseli ina kiwango chake. Sisi katika njia za shamba hatuna mzani. Mzani wetu ni nidhamu.

Hivyo basi, tunauomba mkutano mkuu uamue haya:

1. Mstari wa rangi nyekundu uchorwe ndani ya bodi, sentimita 27 toka chini. Mchanga usivuke hapo.

2. Lumbesa isipakiwe. Mwenye gunia la lumbesa alipunguze kwanza.

3. Kila baada ya mwendo wa kilomita 10 dereva asimame, asogeze mkono polepole kwenye habu zote mbili. Vuguvugu ni kawaida. Ikiwa haigusiki, au upande mmoja ni wa moto kuliko mwingine, safari imeishia hapo.

4. Kila mwezi tela likiwa tupu lipigwe jeki, upande wa pili ukiwekewa mawe. Gurudumu lishikwe juu na chini, litikiswe. Kisha lizungushwe na kusikilizwa. Likicheza au likikwaruza, aitwe fundi.

5. Yote yaandikwe daftarini: tarehe, mzigo, grisi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

6. Dereva akisema mzigo umetosha, umetosha. Asibishiwe, asitukanwe, wala asitishwe na mtu yeyote, hata akiwa mjumbe wa kamati.

Hili la sita ndilo zito kuliko yote. Mstari unaweza kuchorwa na daftari likanunuliwa, lakini kama mkubwa anaweza kumwamuru dereva aongeze magunia yake matano, kazi yote ni bure. Tela ni jasho la wote, na sheria yake iwe ya wote.

Tukutane mkutanoni. Kila mmoja aje na maoni yake.

Mhariri